Nitajieni muvi za kuchekesha kuhusu watu wanaoshuti muvi

NgosiWaMwaloni
Wakuu habari za jioni. Juzi tulikuwa soko la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, tunashuti kamuvi ketu, kamera moja na simu mbili, sini ya jambazi anampora mdada pochi. Tuliomba ruhusa meza zote isipokuwa mama mmoja alikuwa kaenda kunywa chai, anarudi anakuta mdada anapiga kelele mwizi mwizi, akamcharaza jambazi wetu na ungo wa dagaa, dagaa zote chini. Jamaa ananuka mpaka leo na sini imetoka kali kuliko ilivyoandikwa. Sasa hivi kuna muvi za komedi za mambo kama haya? Za wapi sijali, mradi nicheke.

chokambaya
Bowfinger, ya 1999. Steve Martin ni prodyuza hana hela, staa kamkatalia, basi anamshuti bila mwenyewe kujua, anatuma waigizaji wamvamie mtaani wanamwongelesha mambo ya viumbe wa angani, jamaa anaona kabisa anarukwa na akili 😂 Staa ni Eddie Murphy, halafu yeye huyohuyo anacheza pia kama mshamba mmoja anayefanana na huyo staa, wanamwambia akatize barabara kuu, eti madereva wote wataalamu wa stanti, kumbe ni watu wanaenda zao makazini. Hapo nilisimamisha nikacheka kwanza.

Bi Nyegezi
One Cut of the Dead, ya Japani 2017, ya mazombi. Dakika 37 za mwanzo ni shoti moja haikatwi na inaonekana ya hovyo kweli, ila USIZIME. Siongezi neno.

NgosiWaMwaloni
Dada hiyo nilishaizima dakika ya 25 nikaifuta kwenye simu 🤦 ngoja ninunue bando tena

upepo_wa_ziwa
Mi naona kwa sisi wa huku ziwani mchawi wetu ni sauti, so kaangalie Singin' in the Rain, ya 1952 ila haijazeeka. Hollywood ilikuwa inatoka muvi bubu inaingia za sauti, miaka ya 1920 mwishoni, kuna mdada staa wamemfichia maiki kwenye kichaka, akigeuza kichwa tu maneno yanapotea, wakaihamishia kwenye nguo kifuani ikawa inadaka mapigo ya moyo. Mi nilishuti Capri Point jioni, upepo ukala maongezi yote, tukarekodi upya chumbani tumejifunika blanketi, joto balaa, na bado mdomo unasema hiki sauti inasema kile.

sato_mbichi
Mnahangaika na wazungu wakati staa mnaye. Rudini mkamsainishe yule mama wa ungo.

NgosiWaMwaloni
Tulirudi jana mkuu. Kasema kuigiza ataigiza, ila kwanza tulipe dagaa zilizomwagika, sado mbili, na ungo.