Kisanduku kitupu kwenye ramani ya ushahidi: ni lini tuseme hapa pana pengo?

MwanafunziWaAfya

Habari zenu. Ninaandaa ramani ya ushahidi, yaani jedwali linaloonyesha tafiti zilizopo na pale zinapokosekana, kuhusu matibabu ya vidonda vya miguu kwa watu wenye kisukari. Safu za kulala zinaonyesha afua, kama vile bandeji za aina mbalimbali, viatu maalumu vya kupunguza mgandamizo na elimu ya kutunza miguu. Safu za kusimama zinaonyesha matokeo, yaani kidonda kufunga, maambukizi, kukatwa mguu na uwezo wa kutembea. Pale safu mbili zinapokutana pana kisanduku cha tafiti zinazohusu afua hiyo na tokeo hilo. Mimi na mwenzangu tulisoma ikisiri zote (muhtasari ulio mwanzoni mwa kila makala), kila mmoja peke yake, kisha tukajadiliana pale tulipotofautiana. Visanduku vya kidonda kufunga vimejaa tafiti, ilhali vya uwezo wa kutembea karibu vyote ni vitupu. Msimamizi wangu ameandika pembeni mwa rasimu kwamba kisanduku kitupu si lazima kiwe pengo, na tangu hapo nimesita kuandika hitimisho. Je, ni lini nina haki ya kusema kwamba utafiti unahitajika?

MkutubiWaTiba

Ndugu, msimamizi wako amekuonya mahali panapostahili. Kisanduku kinaweza kuwa kitupu kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo, lakini pia kwa sababu afua na tokeo havihusiani kitabibu, au kwa sababu maneno uliyotafutia hayakuwafikia waliouliza. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonisumbua zaidi kazini, kwa kuwa uwezo wa kutembea mara nyingi hufichwa ndani ya vipimo vya ubora wa maisha, na ikisiri ikataja alama ya jumla tu. Kama mliamua kwa kusoma ikisiri pekee, rudini kwenye makala kamili. Tazameni pia sajili za majaribio yanayoendelea, maana huenda swali mnaloliita pengo tayari lina watu wanaolifanyia kazi.

DaktariWaWatoto

Naomba niongeze upande wa pili, kwa sababu kisanduku kilichojaa nacho huweza kudanganya. Chukueni dawa za kotikosteroidi anazopewa mama anayetarajiwa kujifungua kabla ya wakati ili mapafu ya mtoto yakomae. Jaribio la kwanza, la Liggins na Howie wa New Zealand, lilichapishwa mwaka 1972, na mengine yakafuata hadi faida ikaonekana wazi. Mtu yeyote ambaye angechora ramani miaka ya 2000 angekuta kisanduku kimejaa na kupita. Hata hivyo, majaribio hayo yalifanyika zaidi katika hospitali za nchi tajiri. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2015, lililofanyika katika nchi sita zikiwemo Kenya na Zambia, lilijaribu kueneza matumizi ya dawa hizo hadi ngazi za chini za huduma: vifo vya watoto waliozaliwa na uzito mdogo sana havikupungua kama ilivyotarajiwa, na vifo vya watoto wachanga kwa jumla viliongezeka. Ilibidi Shirika la Afya Duniani lifanye jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2020, katika hospitali za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan zilizoweza kumhudumia mtoto njiti ipasavyo, ndipo faida ikathibitika katika mazingira hayo.

Pengo lilikuwa ndani ya kisanduku kilichojaa, nalo lilihusu mahali na kiwango cha huduma. Kwa hiyo, kwa kila utafiti, andikeni ulifanyika wapi, katika ngazi gani ya huduma na kwa ubora gani, kisha rangi za ramani zionyeshe hayo badala ya kuonyesha idadi tu.

MuuguziWaVidonda

Mimi nauliza ni nani aliyechagua safu zenu za kusimama. Mgonjwa ninayemfunga bandeji huniuliza kama ataweza kusimama kazini siku nzima; ni mara chache aniulize kidonda kimepungua kwa milimita ngapi. Huko Uingereza, tangu mwaka 2004, James Lind Alliance huwakutanisha wagonjwa, walezi na wahudumu ili wakubaliane ni maswali gani yasiyo na majibu yatangulie. Waonyesheni wagonjwa wachache ramani yenu kabla hamjaita pengo lolote kuwa la kipaumbele.

MwanafunziWaAfya

Nawashukuru kwa dhati. Tumeanza na safu ya viatu maalumu, na katika makala mbili tumekuta vipimo vya kutembea vimo ndani ya majedwali ingawa ikisiri hazikuvitaja, kwa hiyo kisanduku hicho hakikuwa kitupu. Cha elimu ya kutunza miguu tumekisaka kwa maneno mapya na kusoma makala kamili, na bado hakina kitu. Tutawauliza wagonjwa kwanza kuhusu safu zenyewe. Wakisema kutembea ndiko kunakowahusu, hicho nitakiandika kuwa pengo, na nitaeleza tulivyokitafuta.