Kipimo cha damu kimeonyesha mzio wa ngano, lakini mkate naula bila shida

Muulizaji: Wanajukwaa, salamu. Nilimwona daktari kwa sababu ya chafya na macho kuwasha kila msimu wa nyasi kuchanua, naye akaagiza kipimo cha damu cha mizio kadhaa kwa pamoja. Majibu yameonyesha kingamwili za IgE, yaani aina inayohusika na mzio, dhidi ya chavua ya nyasi na pia dhidi ya ngano, ambayo imefika 1.8 ilhali maabara huanza kuhesabu chanya kwenye 0.35. Mkate nimeula tangu utotoni. Je, niache ngano? Na je, kipimo hiki kinatambua pia siliaki, ule ugonjwa ambao gluteni, protini ya ngano, hudhuru utumbo?

Mchangiaji wa kwanza: Kipimo hicho huonyesha kwamba mwili umetengeneza kingamwili, hakithibitishi kwamba chakula kinakudhuru. Ngano yenyewe ni jamii ya nyasi, na baadhi ya protini zake hufanana na zile za chavua, kwa hiyo kingamwili zilizotokana na chavua huweza kunasa ngano ndani ya maabara bila wewe kuugua mezani. Historia yako ina uzito kuliko namba hiyo. Ikibaki shaka, hulishwa chakula chenyewe kidogo kidogo mbele ya daktari.

Mchangiaji wa pili: Siliaki ni jambo jingine kabisa, maana haitokani na IgE. Hupimwa kwa kingamwili za aina nyingine, IgA, dhidi ya kimeng'enya cha transglutaminasi, pamoja na IgA yote kwa jumla, kwani mwenye upungufu wa IgA huweza kupata majibu hasi ya uongo. Usiache gluteni kabla ya kupimwa. Vipimo vya IgG vinavyouzwa kwa jina la mzio wa chakula usivipotezee fedha.

Mchangiaji wa kwanza: Nilisahau kuuliza: umewahi kutokwa na vipele ukifanya mazoezi baada ya kula?

Muulizaji: Mara mbili, nikikimbia baada ya kifungua kinywa. Nililaumu jasho.

Mchangiaji wa kwanza: Basi nabadili msimamo wangu. Wapo watu ambao ngano huwadhuru pale tu inapofuatwa na mazoezi, pombe au aspirini, na wengine hufikia hatua ya kuzimia. Mweleze daktari, umwombe kipimo cha IgE dhidi ya omega-5 gliadini, ambayo ni protini mojawapo ya ngano, na kabla ya kumwona usile ngano ndani ya saa 4 hadi 6 kabla ya kukimbia, wala usikimbie peke yako.