Mjadala: Fedha zimeshuka shuleni, madaraka je?

Mtoa mada: Wadau, tangu elimu bila ada ianze Tanzania Bara mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Wengi wanauita huo ugatuaji, yaani madaraka kushushwa toka serikali kuu kwenda ngazi za chini. Hebu tupige hesabu. Mpango ulianza na shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. 4,000 zikabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 zikashuka. Shule ya wanafunzi 600 inapata 300,000 kwa mwezi, huku posho ya madaraka ya mwalimu mkuu pekee, inayolipwa kando, ikiwa 200,000. Na hizo laki tatu zina muongozo wa asilimia: mitihani kiasi hiki, michezo kiasi hiki, ukarabati kiasi hiki. Upepo ukiezua paa, kamati ya shule itakaa kikao, lakini mafungu yalishapangwa na mtu ambaye paa hilo hajaliona.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umeruka sababu. Ruzuku ilipokuwa inapitia halmashauri ilichelewa, na mara nyingine haikufika kamili. Asilimia nazo ni kinga dhidi ya hilo hilo. Halafu ukianza na ruzuku, kesho utadai halmashauri ziajiri walimu zenyewe. Halmashauri yenye mgodi na ile inayoishi kwa ushuru wa mazao haziwezi kushindania mwalimu mmoja wa fizikia. Tutajua mshindi kabla ya usaili.

Mchangiaji wa pili: Kwenye ajira nakuunga mkono. Kwenye ujenzi hapana. Mwaka 2021, fedha za UVIKO-19, yaani mkopo wa IMF wa kukabili athari za korona, zilijenga madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20, nchi nzima bei moja. Utekelezaji ulikuwa wa mafundi wa mtaani, chini ya kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Kwenye karatasi wananchi wameshika usukani. Ila palipo mbali na barabara, saruji inafika ikiwa imebeba nauli, mchanga unasombwa kwa trekta, na kamati haina ruhusa ya kugusa ramani wala kiwango. Ikiishiwa ikiwa kwenye lenta, inabaki kuomba halmashauri au kupitisha daftari la michango kijijini. Lawama zimegatuliwa vizuri sana!

Mtoa mada: Hapo umenigusa. Ongeza uthibiti ubora, yaani ukaguzi wa shule: wathibiti wako chini ya Wizara ya Elimu, shule na walimu wako TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), nidhamu na vyeo vya walimu viko Tume ya Utumishi wa Walimu. Mthibiti akiandika kwamba darasa lina watoto 120 wakati uwiano unaotakiwa ni 1:45, ripoti inakwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri asiye bosi wake, na mkurugenzi naye hana kibali cha kuajiri.

Mchangiaji wa kwanza: Basi tukubaliane kwa sehemu. Ajira ibaki kitaifa, asilimia za ruzuku ziwe mapendekezo tu, risiti zibandikwe ubaoni kila mwezi.

Mchangiaji wa pili: Risiti sawa, nani atazipanga? Shule nyingi za msingi hazina mhasibu. Anayehangaika na mfumo wa malipo ni mwalimu wa darasa, na mtandao ukikata anafunga safari hadi halmashauri huku kipindi chake hakina mtu. Mhasibu mmoja kwa kila kata, ndipo tujadili asilimia.