Mrejesho: ukungu kwenye mito ya viti vya barazani

Ndugu zangu, mwezi Machi, masika yalipokuwa yakianza hapa Tanga, niliuliza namna ya kuzuia ukungu mweusi unaoota kwenye mito ya viti vyangu vya barazani, nami nawashukuru nyote mlionijibu. Nilianza na ushauri wa siki nyeupe: nilivua foronya, nikazipaka siki bila kuichanganya na maji, nikaziacha kwa saa moja, kisha nikazisugua kwa brashi, nikazifua na kuzianika juani hadi zikakauka kabisa. Harufu ya uvundo iliisha, ila madoa ya zamani karibu na zipu hayakutoka, na sponji mbili zilizoingiwa na ukungu hadi ndani ilinibidi nizitupe. Kuifunika mito kwa nailoni, wazo ambalo kwa kweli lilikuwa langu mwenyewe, kulizidisha tatizo, kwa kuwa unyevu ulinaswa chini yake. Kilichosaidia zaidi ni ushauri wa yule dada aliyesema niisimamishe mito kwa ubavu kila jioni ili upepo upite pande zote, na niiingize ndani wingu linapotanda. Sasa ni Juni, na madoa mapya nimeyaona kwenye mto mmoja tu, ule niliousahau nje usiku wa mvua.