Tupeane uzoefu: siku ya kufunga shule, nani alikufikisha nyumbani?

Mama wa Kihonda

Habari za jioni ndugu zangu.

Binti yangu yuko kidato cha kwanza, bweni, mkoani Njombe. Jana wamefunga muhula. Nilifika stendi ya Msamvu, hapa Morogoro, saa tisa alasiri, basi likaingia saa mbili kasoro usiku kwa sababu lilipata hitilafu njiani. Hayo masaa manne na ushee sitaki kuyasimulia, wazazi mnayajua. Simu ya konda ikawa haipatikani na mimi pale nimesimama na khanga mkononi.

Akashuka. Amekonda kidogo, amerefuka, ndoo mkono mmoja na fungu la vitunguu mkono mwingine. Alivinunua Ruaha Mbuyuni kwa chenji ya nauli, "nimekuletea mama." Ripoti ilikuwa kwenye begi: wa 41 kati ya 112, Hesabu D, Kiswahili A, mwenendo mzuri. Na barua ya mkuu wa shule yenye tarehe ya kufungua, rimu ya karatasi na fagio la chelewa. Hesabu tutaizungumza yeye na mimi, muhula bado upo.

Nilipotaka kuondoka naye, akanishika mkono: "Mama subiri, hujasaini." Nyuma yake kasimama dada mmoja wa kidato cha tano na karatasi ya daftari. Ameandika majina ya watoto wanane wa njia yetu, mahali pa kushuka, jina la anayempokea na namba ya simu. Kila anaposhuka mtoto anamtia alama, na mzazi anaweka saini. Hakuna mwalimu aliyemtuma. Kajipangia mwenyewe, mtoto wa watu.

Mwaka huu nimesaini makaratasi mengi ya shule, ya maelekezo, ya afya, ya michango. Hii ndiyo iliyonitoa machozi pale stendi.

Naomba tupeane uzoefu. Zamani au sasa, siku ya kufunga shule nani alikufikisha nyumbani?

Mwana wa Ziwa

Shikamoo dada, kama umenizidi, na kama nimekuzidi basi marahaba. Mimi nimesoma Tabora, nyumbani ni Kalya, kusini ya Kigoma, kandokando ya Ziwa Tanganyika.

Desemba 1983. Enzi zetu mwanafunzi alipewa waranti. Unaipeleka dirishani stesheni unapewa tiketi ya daraja la tatu bila kutoa senti. Treni ya Kigoma ilikuwa ya usiku. Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, tunaimba mpaka sauti zinakauka, halafu asubuhi unaliona ziwa. Kigoma unashuka, unapanda Liemba. Ukiikosa Liemba unalala mjini siku kadhaa mpaka safari nyingine. Ile meli Wajerumani waliileta kabla ya vita ya kwanza, wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaja kuiibua, nayo ikaendelea kutubeba sisi watoto wa mwambao kwa miaka yote ile.

Sasa waliosoma miaka hiyo wanakumbuka uhaba. Vita ya Kagera imeisha, nchi haina kitu. Sabuni ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Shuleni tulipewa kipande kwa mwezi. Mimi muhula mzima nilifua kwa majani ya mpapai, vipande vyangu vinne nikavifunga kwenye soksi nimpelekee mama.

Kalya hakuna gati. Liemba inasimama majini, mitumbwi inakuja kuchukua watu, unateremka ubavuni huku mawimbi yanapiga. Soksi ikaniponyoka ikaangukia majini. Mzee mmoja mvuvi, mwenye mtumbwi niliokuwa nashukia, aliruka. Na nguo zake. Nilidhani kaanguka. Akaibuka na soksi, akaniuliza, "Kuna nini humu mpaka unalia?" Nikamwambia sabuni ya mama. Akanipeleka mpaka mlangoni, kilomita tatu, amelowa chapachapa, akamkabidhi mama ile soksi kwa mikono miwili kama posa.

Mama alitumia kipande kimoja. Vitatu aliviweka sandukuni mpaka vikapasuka. Mzee alishatangulia mbele ya haki. Jina lake nalitaja kila Idi kwenye dua zangu.

Nilikuwa wa Kutwa

Mimi sikupokewa stendi yoyote. Shule ya kata, kilomita sita kwenda, sita kurudi, siku ya kufunga miguu ilikuwa ileile. Ila siku hiyo tulitembea polepole. Nadhani ndiyo siku pekee tuliyotembea polepole.

Mwalimu wa Zamu

Nimefundisha miaka kumi na tisa, shule tatu, zote za serikali. Wiki ya mwisho ya muhula wazazi mnaiona kama siku moja, kwetu ni wiki ya kukesha. Kusahihisha, kujumlisha, kupanga nafasi, kujaza ripoti. Vitabu virudi maktaba, vitanda vihesabiwe, magodoro yakunjwe. Wazazi wanatuma nauli kwenye simu ya patroni, naye anakaa na daftari kuanzia alfajiri anagawa: huyu elfu thelathini, huyu elfu kumi na mbili. Kidato cha pili na cha nne wanabaki kambini kujiandaa na mitihani ya taifa, hivyo jikoni moto hauzimwi.

Nitasema la mmoja. Tangu Januari 2016 kidato cha kwanza hadi cha nne hakina ada kwenye shule za serikali, na Julai 2022 ikafika cha tano na cha sita. Ni jambo kubwa, nimeliona kwa macho yangu, madarasa yalifurika. Lakini nauli si ada. Kulikuwa na mvulana wa kidato cha kwanza, daftari la patroni likaisha jina lake halijasomwa. Wenzake wakaondoka. Saa nane mchana alikuwa bado amekaa juu ya tranka lake chini ya mwembe, sweta kavaa, viatu kapiga kiwi. Nikapiga namba iliyo kwenye fomu yake. Haikuita. Nikapiga kwa mtendaji wa kijiji, nikaambiwa bibi aliyekuwa anamlea alifariki wiki mbili zilizopita na hakuna aliyejua namna ya kumwambia mtoto.

Mimi nilishindwa kutamka. Mpishi wetu mmoja, mama wa makamo, alikuwa anaosha sufuria la makande. Alinisikia nikiongea na simu. Akafuta mikono, akaenda pale mwembeni, akakaa chini kwenye vumbi pembeni ya tranka. Sijui alimwambia nini. Nilichoona ni kwamba baada ya nusu saa walisimama, tranka akalijitwika yeye kichwani, wakatoka getini.

Likizo zote za miaka minne yule kijana alikwenda kwa yule mama. Vyumba viwili, watoto watano, yeye wa sita. Siku ya mahafali ya kidato cha nne mshereheshaji akaita wazazi wa kila mhitimu wasimame. Lilipofika jina lake, alisimama mpishi. Bwalo zima wanamjua, wamekula ugali wake miaka yote. Watoto walipiga meza kwa viganja mpaka mgeni rasmi akaniuliza huyu ni nani.

Mshahara wa yule mama wakati ule ulikuwa unachangwa na wazazi, na mara nyingi ulichelewa. Nataka hilo nalo lijulikane.

Mtoto wa Kagera

Mwalimu, umenikalisha chini.

Mimi nilikuwa Mwanza kidato cha tatu, nyumbani Bukoba. Wanafunzi wa Kagera kufunga shule kwetu kulimaanisha meli: unapanda jioni, unaamka umefika. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikazama, ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Mamia ya watu. Darasani kwetu kulikuwa na wawili waliopoteza ndugu. Kengele iliendelea kugongwa lakini hakuna aliyesoma.

Tulikuwa tunafunga wiki mbili baadaye. Nikapata barua fupi ya baba: "Usipande chochote. Nakuja." Akaja kwa nchi kavu, Biharamulo, Geita, siku mbili juu ya lori na mabasi mabovu. Baba yangu alikuwa mtu mgumu, hajawahi kunishika mkono tangu nikiwa na miaka sita. Tulipofika Kigongo tukapanda kivuko cha Busisi, maana lazima uvuke. Nilihisi kitu mgongoni. Alikuwa amekamata shati langu kwa nyuma, amelikunja ngumini, anatazama mbele kama hajui mkono wake unafanya nini. Hakuliachia mpaka magari yalipoanza kushuka upande wa pili.

Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji. Nimelipita na mwanangu akitoka shule. Yeye alikuwa anapiga picha, mimi nilimshika shati.

Konda wa Nyanda za Juu

Wazazi naomba niseme, mimi ni konda. Msimu huu simu hazizimi. "Konda, wangu kavaa sweta ya kijani." Mzazi wangu, arobaini na wawili wamevaa sweta ya kijani! Nitajie namba ya kiti na jina. Na muandikieni mtoto namba yenu kwenye karatasi, asiibebe kichwani tu. Mtoto akilia hakumbuki namba, nimeshaona mara nyingi. Nimewahi kulala na watoto watatu ofisini kwetu stendi kwa sababu waliopaswa kuwapokea walikwenda stendi nyingine. Niliwanunulia chipsi, asubuhi wakachukuliwa. Basi likipita muda, msikae kimya, piga hata ofisi.

Wa Mokowe

Salamu kutoka Lamu. Mimi nilisoma bara, Kenya, na kufunga kwetu ni mara tatu kwa mwaka. Tulikuja na treni ya SGR hadi Mombasa, halafu basi la Lamu. Baada ya mambo ya usalama ya 2014 mabasi yalisindikizwa na polisi, kwa hivyo mnangojana, mnakaguliwa, mnashuka, mnapanda. Ukifika Mokowe jua limetua na boti za kuvuka kisiwani zishaenda.

Kulikuwa na nahodha mmoja, mwanafunzi akiwa njiani halali. Anazima injini, anakaa gatini na chupa ya kahawa. Akiona taa za basi anasimama. Hakuuliza nauli kwanza, aliuliza "Umekula?" Mamangu alimlipa kwa mahamri, kila muhula.

Kitanda cha Juu

Nimesoma yote, nimesita kuandika.

Bwenini mimi nililala kitanda cha juu, chini alilala rafiki yangu aliyenizidi miaka miwili. Desemba 2012 tulishuka barabara kuu jioni, kijiji changu kilomita saba ndani, chake mbele zaidi. Nilikuwa naogopa giza tangu utotoni naye alijua. Alinibebea begi, akanisimulia hadithi njia nzima nisisikie fisi. Akanifikisha kizingitini, mama akamkaribisha uji, akakataa kwa sababu kumeshakuwa usiku. Akaondoka peke yake.

Januari kitanda cha chini kikawa na mtu mwingine. Mimba. Wakati ule mwanafunzi akipata mimba ndiyo mwisho, jina linafutwa, hakuna kurudi. Ruhusa ya kurudi shule ilikuja Novemba 2021, yeye tayari ana mtoto wa miaka minane. Kilichompata na lini, hajawahi kuniambia na mimi sikumuuliza. Ninachojua ni kwamba mimi nilifikishwa mpaka mlangoni na yeye hakufikishwa na mtu.

Sasa hivi anajiandaa na Mtihani wa Maarifa (QT), ule unaofungua njia ya kufanya wa kidato cha nne, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimemnunulia vitabu vya Baiolojia na Historia. Jumapili nakwenda kumpelekea mwenyewe.

Mama wa Kihonda

Kitanda cha Juu, maneno yako yameninyima usingizi. Saa kumi alfajiri nimekaa kitandani najiuliza: yule dada wa kidato cha tano, alikuwa anashuka wapi? Karatasi yake nilisaini, lakini sikuangalia mstari wa mwisho.

Asubuhi nimeamsha binti anipe namba. Nimempigia. Kwao ni ndani ya Chalinze, ndiye aliyekuwa wa mwisho kwenye orodha. Nikamuuliza alifika saa ngapi. Saa tatu na nusu usiku. Nikamuuliza nani alikupokea. Akasema baba ni mlinzi, alikuwa lindoni, hivyo alichukua bodaboda. Nikamuuliza, na karatasi, mstari wako nani alisaini?

"Nilisaini mwenyewe, mama."

Nimeomba namba ya baba yake. Tumeongea kirefu, mtu mstaarabu sana. Desemba wakifunga, binti yake atashuka Msamvu na wa kwangu, atalala hapa Kihonda, na asubuhi kaka yangu mwenye gari la mizigo atamfikisha Chalinze mpaka mlangoni. Konda, nitakutumia namba za viti vyote viwili.