Tangi la lita 5000 linajaa mapema halafu mvua inayobaki yote inapotea, nifanyeje? (Isimani)

Mnyalu_wa_Isimani

Kamwene wakuu. Naombeni ushauri wenu, nipo huku Isimani, Iringa vijijini, na mnaoijua mnajua mvua zetu ni za kuanzia mwezi wa kumi na mbili hivi mpaka wa nne basi, afu miezi yote iliyobaki ni vumbi. Nyumba yangu ya bati ni kama mita 10 kwa 8, nimefunga gata upande wa mbele tu, linaingiza kwenye tangi la plastiki la lita 5000. Sasa mvua ikija inakuja kwa fujo, mvua tano hivi tangi limejaa, zinazofuata naangalia tu maji yanamwagika yanaenda korongoni, halafu mwezi wa sita huo tunaanza kuhangaika na madumu na baiskeli. Nyumbani tuko sita. Nina hela kidogo ya mavuno ya alizeti, nifanye kipi kwanza: nimalizie gata upande wa nyuma, ninunue tangi jingine, au nichimbe kisima kabisa niachane na mambo ya mvua?

kijana_Tukuyu

Pole mkuu, huku Rungwe mvua inanyesha mpaka tunaomba ipumzike. Ila mi naona jibu lipo wazi, malizia gata la nyuma, unapoteza nusu ya bati lako.

FundiGata

Hapana mkuu wa Tukuyu, hapo utampoteza mwenzio. Tangi lenyewe tayari linafurika kwa gata la upande mmoja, akiongeza la pili litafurika mapema zaidi tu. Kinachomkwamisha ni pa kuhifadhia.

Mleta uzi tupige hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati lako ni mita za mraba 80, chukua mvua ya milimita 500 kwa msimu, toa moja ya tano kwa yanayoruka na kuvuja, tuseme unapata asilimia 80, hiyo ni lita 32,000 ukifunga gata pande zote. Watu sita kwa madumu matano ya lita 20 ni lita 100 kwa siku. Kwahiyo lita zako 5000 ni siku hamsini, mvua ikikata mwisho wa mwezi wa nne, Sabasaba haijafika tangi linalia debe tupu. Ila kumbuka na kipindi cha mvua mnatumia, miezi mitano hiyo inakula kama 15,000, inayobaki ya kuweka akiba ni kama 17,000. Ndo maana sikushauri ujenge li-tangi la lita 50,000, halitajaa hata siku moja.

Mimi ningechimba tangi la chini, la duara, upana mita mbili na nusu kina mita tatu, linachukua kama lita 14,700. Jumlisha na hilo la plastiki unavuka mpaka katikati ya mwezi wa kumi. Liwe duara, la pembe nne linapasuka kwenye kona. Na angalia udongo, kama ni ule mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi usichimbe hapo, utavunja ukuta. Ndani plasta na niru (uji wa sementi tupu wa kuziba vitundu), na umwagilie maji wiki nzima likauke taratibu, watu wengi wanaharakisha hapo afu wanalaumu sementi. Juu zege lenye nondo, mfuniko wenye kufuli, watoto hao. Choo kiwe mbali, mita 30 au zaidi. Gata la nyuma funga mwisho, tangi likishakuwa tayari.

Mama_Wawili_Izazi

Fundi kasema vizuri ila hajagusa uchafu. Bati miezi saba limekaa na vumbi, mavi ya ndege na mijusi iliyokufa, mvua ya kwanza yote hiyo inaingia tangini. Sisi kwetu kabla ya tangi tumeshusha bomba la inchi nne limesimama wima, chini lina kifuniko cha kufungua. Maji ya mwanzo machafu yanajaza lile bomba kwanza, likijaa ndo yanayofuata yanapita kwenda tangini. Mvua ikiisha nafungua kifuniko, yanatoka meusi kama chai ya rangi, namwagia mipapai. Mita moja ya bomba hilo inabeba lita nane tu, kwahiyo kwa bati kubwa weka refu au tumia pipa. Na mdomo wa tangi funga wavu mwembamba wa mbu. Ya kunywa bado tunachemsha.

Mpawaga

Kisima usikikimbilie. Ukanda huu kuna sehemu unachimba hela yote imeisha unakuta maji ya chumvi, hata chai hainyweki. Kama ni lazima, watu wa maji wapime kwanza.

Afu kaka, hayo yanayoenda korongoni mbona hamna anayeyaongelea? Pale shambani piga matuta ya kukinga mteremko, au mashimo ya Chololo kama wenzetu wa Dodoma, shimo upana sentimita 22, kina 30, toka shimo hadi shimo 60, mstari hadi mstari 90, chini unaweka samadi. Kazi yake ngumu sana sikufichi, ila ukishachimba unatumia misimu kadhaa, na maji yanasimama pale pale kwenye mzizi.

Mnyalu_wa_Isimani

Asanteni sana wakuu, shikamoo Mama Wawili. Udongo wa nyuma ya nyumba ni kichanga chekundu sio mbuga, nadhani hapo sawa. Fundi, tofali za kuchoma zinafaa kwa ukuta wa hilo tangi au lazima block? Huku za kuchoma ndo ninazo, tanuru zima.

FundiGata

Zinafaa mkuu, chagua zilizoiva vizuri za katikati ya tanuru, zile za pembeni zilizopauka jengea banda la kuku. Loweka kabla ya kujenga. Kila kozi (mstari wa tofali) ya tatu zungushia waya.