Mrejesho: iPhone iliyokataa kusoma laini

Wakuu, niliuliza hapa kuhusu iPhone niliyoletewa na kaka kutoka Marekani. Kila laini niliyoweka ilikataa, wakati WiFi ilikuwa inashika vizuri tu.

Shida haikuwa laini. Nilifanya kama mlivyonishauri: laini yangu nikaiweka kwenye simu ya mke wangu, ikashika papo hapo. Ya kwake kwenye hii, patupu. Nikaingia Settings, General, About, nikashuka hadi Carrier Lock (panapoonyesha kama simu imefungwa kwa mtandao mmoja). Imeandikwa "SIM locked", yaani imefungwa, haipokei laini za mitandao mingine. Kumbe simu ilinunuliwa kwa mkopo wa kampuni ya huko, na deni lilikuwa halijaisha!

Kaka alimalizia deni, akaiomba kampuni hiyo ifungue simu kwa namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu, unaipata kwa kupiga *#06#). Baada ya siku 4 nikaunganisha WiFi, nikachomeka laini, pale pale pakaandika "No SIM restrictions", yaani haina kizuizi cha laini. Nilifurahi sana. Intaneti ya laini iligoma mpaka nilipojaza APN (mipangilio ya intaneti ya mtandao wa laini), basi.

Fundi mmoja alitaka 80,000 abadilishe "chombo cha netiweki". Tafadhali, kabla hujamkabidhi fundi simu, angalia kwanza hapo Carrier Lock. Asanteni sana.